Urujuani wa Usambara: tuutambue, tuuoteshe, tuutumie, tusiung'oe mwambani

MtotoWaMuheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi alikuja kijana kitaluni kwangu hapa Tanga mjini na ndoo ya rangi mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na magazeti yaliyolowa, na ndani ya magazeti miche 14 ya urujuani wa Usambara, ule wa porini kabisa, mizizi bado imeng'ang'ania vipande vya lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe ya mtoni. Aliibandua mwambani asubuhi ileile. Alitaka elfu mbili kwa kila mche. Mitano ilikuwa imeshalegea, na nilijua kwamba hata ile tisa iliyobaki isingemaliza mwezi.

Sikumfukuza. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamwuliza kama anajua kwamba jani moja la ua hili, ukilichomeka kwenye udongo, linazaa miche minne, mitano, hata zaidi. Akanitazama tu. Amezaliwa chini ya msitu ule kama mimi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Nianze na kulitambua, maana wengi wamelipita bila kujua wamepita nini.

Mmea ni mfupi, haufiki shubiri kutoka ardhini. Aina nyingi hazina shina la kuonekana: majani yanatoka kitovuni na kutanda duara kama sahani iliyobandikwa kwenye jiwe. Jani ni nene, lina maji, limejaa vinyweleo. Lipitishe kidole, utadhani unashika sikio la mwanambuzi. Ua lina petali tano, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa, rangi yake ni ya buluu inayoingia zambarau, na katikati kuna vichwa viwili vya njano iliyokolea vilivyoshikana kama punje mbili za mahindi.

Hapo wengi huishia. Mimi naomba usogee zaidi. Kutoka katikati ya ua unatoka uzi mwembamba, ndio unaopokea chavua. Haukai katikati. Katika ua moja umelala kulia, katika jingine umelala kushoto, kana kwamba yanatazamana kwenye kioo. Na ua hili halina mbochi, yale maji matamu ya ua, hata tone. Nyuki anayekuja anafuata chavua, na chavua imefungwa ndani ya vile vichwa vya njano. Basi nyuki analikumbatia ua kwa miguu, anatetemesha mwili bila kuruka, mlio wake unapanda ghafla, na chavua inamwagika kifuani kwake. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipousikia mlio ule mara ya kwanza, nimelala kifudifudi juu ya jiwe mtoni nikisubiri ndoo ijae. Nilidhani nyuki amenaswa. Huyo si nyuki wa asali wa mzingani, ni nyuki wa porini anayeishi peke yake.

Utalikuta wapi? Kivulini, kwenye mwamba ulioinama, karibu na maji lakini si ndani ya maji. Mwamba unavuja kidogo, hewa ina unyevu, jua la moja kwa moja haliingii kwa sababu juu kuna miti mikubwa. Udongo wenyewe ni tabaka jembamba tu la majani yaliyooza kwenye nyufa za jiwe. Kumbukeni picha hiyo, maana kila kitu nitakachosema baadaye kuhusu kulitunza nyumbani kinatoka pale mwambani.

Karibuni kwa maswali.

Kijana_wa_Soni

Mkuu, nimefurahi sana. Huku kwetu Soni lipo ua kando ya mifereji ya maji, rangi ya waridi, nyuma lina mkia mwembamba uliopinda. Majani yana meno pembeni na shina ukilivunja linatoa maji. Ndilo hilo?

MtotoWaMuheza

Hapana ndugu yangu, ila umeangalia vizuri. Huo mkia wa nyuma ndio unaokupa jibu: hilo ni Impatiens, jamaa nyingine kabisa. Tafuta tunda lake lililoiva, liguse, litapasuka na kurusha mbegu. Watoto wote wa milimani wamecheza mchezo huo. Urujuani wa Usambara hauna mkia nyuma ya ua wala haupasuki hivyo.

Linalochanganya zaidi ni ndugu yake wa karibu, Streptocarpus wa shina refu, anayeota kwenye miamba ileile na ana maua ya zambarau pia. Ua lake ni mrija: petali zimeungana zikafanya bomba kabla ya kufunguka. Tunda lake ni jembamba na limesokotwa kama kamba. Tunda la urujuani wetu halisokotwi.

Na urujuani wenyewe wa asili, ule wa jamii ya Viola, nao upo milimani Afrika Mashariki, kaua kadogo ka majani laini yasiyo na vinyweleo vingi. Hauna undugu na huu. Huu wetu umeitwa urujuani kwa sababu ya rangi tu.

MwalimuMstaafu_Makorora

Wanangu, niongeze historia kidogo, kwa kuwa inatuhusu sisi watu wa Kiswahili kuliko tunavyofikiri.

Wa kwanza kupeleka vielelezo vya ua hili kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alikuwa John Kirk mwaka 1884, yule balozi mdogo wa Uingereza pale Unguja. Wa pili alikuwa mmisionari W. E. Taylor mwaka 1887, kutoka upande wa Mombasa na Giriama. Taylor ndiye yule aliyekusanya methali na mashairi ya Kiswahili cha Mvita. Vielelezo vyao vilikuwa vimekauka na havikutosha kulieleza ua kisayansi, vikalala kabatini.

Mwaka 1892 ikawa zamu ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa na makao yake Tanga. Huyu naye alikijua Kiswahili kiasi cha kuwaandikia Wajerumani wenzake kitabu cha kujifunzia. Alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, baba akampa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen kule Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ile familia, la pili maana yake ni lenye maua kama urujuani. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na watu wakalishangilia.

Kwa hiyo watu watatu, wote walikuwa wanaongea na wenyeji kwa Kiswahili, na bila shaka waliongozwa na wenyeji hadi kwenye mwamba. Jina la mwongozaji hata mmoja halimo katika jina la ua. Hilo hunikaa moyoni kila nikilitazama.

Mwaka 2015 wataalamu walilihamisha. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni tawi la Streptocarpus, hivyo jina lake rasmi sasa ni Streptocarpus ionanthus. Mkikuta majina mawili vitabuni, ni ua lilelile.

MtotoWaMuheza

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Sikujua habari ya Taylor. Naongeza moja: Saint Paul alilikuta sehemu mbili, moja juu msituni Usambara na nyingine chini, kwenye miamba ya chokaa si mbali na Tanga. Wanaokwenda kutembelea mapango ya Amboni, wapo kwenye nchi yake ya asili bila kujua. Watu hudhani ni la mlimani tu, kumbe linashuka hadi karibu na pwani palipo na mwamba, kivuli na unyevu.

BintiMbololo

Hamjambo majirani. Mimi ni Mtaita, na nimekuja kudai haki yetu. Milima yetu ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya ule mnyororo mrefu wa milima unaoshuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Uluguru hadi Udzungwa. Na sisi tuna urujuani wetu, teitensis, unaoota kwenye msitu wa Mbololo na si kwingine popote duniani. Na Kilifi yuko mwingine, rupicola, kwenye miamba ya chokaa.

Niliuona mara moja na shangazi yangu, tulikuwa tunakwenda kumwona mgonjwa upande wa pili tukapita njia ya msituni. Ulikuwa mwamba mmoja tu, upana wake labda mlango wa nyumba, na mimea imejaa upande mmoja kama vigae. Hatua thelathini mbele yake kulikuwa na mwamba mwingine mkubwa zaidi, mtupu kabisa. Shangazi akasema zamani na ule ulikuwa umejaa, mpaka mti mkubwa uliokuwa juu yake ulipoanguka na jua likaingia. Hakuna aliyeyang'oa. Jua tu.

Kwa hiyo nauliza: hata tusipong'oa, miti ikiisha tutafanyaje?

MtotoWaMuheza

Dada, hilo ndilo lenyewe. Mwamba ukipoteza kivuli unakauka ndani ya msimu mmoja, na ua hili haliwezi kutembea kutafuta mwamba mwingine. Mbegu zake ni kama vumbi na zinaangukia hapohapo. Ndiyo maana kila mlima una wake. Wa Shume, Usambara Magharibi, ana majani madogo ya mviringo na ua lililopauka karibu na weupe, kitovuni limekolea zambarau. Usambara Mashariki yuko mmoja anayetambaa, mashina marefu yananing'inia mwambani kama mkia. Uluguru wako na goetzeanus. Ukipoteza mwamba mmoja huenda umepoteza kitu ambacho hakipo pengine.

Hifadhi ya Amani, kule Usambara Mashariki, ilitangazwa mwaka 1997, na imesaidia. Nawaomba wote mwelewe pia kwamba ndani ya hifadhi hata jani huchukui bila kibali. Nikisema jani linatosha, nasema jani la mmea wa kitaluni, la jirani, la shangazi yako. Mimea ya madukani imeshazaliwa mara nyingi kutokana na ile ya kwetu. Hatuna haja ya kugusa mwamba.

Tanga_Hamburg

Niko Hamburg mwaka wa kumi na moja. Hapa jina lake la kila siku ni Usambaraveilchen. Limo kwenye kila duka la maua, supamaketi hadi vituo vya mafuta, na kibao kidogo kimechomekwa udongoni: Usambaraveilchen.

Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na zaidi, ana vyungu sita dirishani. Siku moja nilimwambia, bibi, Usambara ni kwetu, mama yangu anauza nyanya zinazotoka huko. Alinyamaza kidogo. Alikuwa amelitamka jina hilo maisha yake yote, tangu kwa mama yake, akidhani ni neno tu. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akaweka kidole pale Lushoto, akakiacha.

Juma lililofuata akanipa chungu kimoja. Mpaka leo kinachanua, hata kipindi cha baridi kali, mradi hakikai karibu na kioo chenye barafu.

MamaWawili_Arusha

Jamani naombeni msaada. Nimenunua viwili mwezi wa pili, kimoja cha zambarau, kimoja cheupe. Majani yametoka mabaka ya rangi ya maziwa, mengine kama pete. Chungu cha pili kitovu kimekuwa cheusi na kinateleza. Namwagilia kila asubuhi kwa maji ya bomba la nje, nanyunyiza na majani ili vumbi litoke. Nakosea wapi? Naumia maana nilivipenda sana.

MtotoWaMuheza

Pole mama, na usijilaumu, ni makosa ambayo karibu kila mtu anaanza nayo. Ngoja nijibu kwa urefu ili liwe jibu la wote.

Zile pete ni maji baridi. Maji ya bomba la nje Arusha asubuhi ni baridi kuliko jani lenyewe, na tone la baridi likitua juu ya jani la ua hili linaua chembe za kijani pale lilipogusa. Pete haitaondoka tena, subiri majani mapya. Kuanzia leo weka maji kwenye kopo ndani ya nyumba tangu jana yake, yapate joto la chumba. Na usimwagie juu. Weka chungu kwenye sahani, mimina maji kwenye sahani, kiache kinywe nusu saa, halafu maji yaliyobaki yamwage. Ile halaiki ya mwambani inakunywa hivyo, kutoka chini, kidogo kidogo, na maji hayasimami.

Kitovu cheusi kinachoteleza ni kuoza. Umemwagilia kila siku, na udongo haukupata kupumua. Chomeka kidole: sehemu ya juu ikiwa bado na unyevu, usimwagilie. Kwa wengi ni mara moja au mbili kwa wiki. Ua hili hufa kwa maji mengi mara kumi kabla halijafa kwa kiu. Hicho chungu cha pili usikitupe, tutakiokoa kwa jani, nitaeleza hapa chini.

Udongo. Usitumie udongo wa shamba peke yake, unashikamana kama tofali. Mimi nachanganya mafungu mawili ya mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, fungu moja la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi, na fungu moja la mchanga mkubwa wa mto uliochanganywa na vipande vidogo vya mkaa. Ukiukamata ngumini ukaubana kisha ukaachia, unatakiwa uvunjike. Samadi mbichi hapana kabisa, inaunguza.

Chungu kiwe kidogo. Hapa watu hawaniamini. Upana wa chungu uwe kama theluthi moja ya upana wa majani yakitanda. Mizizi yake ni mifupi, imezoea ufa wa jiwe, na inapobanwa kidogo ndipo inapochanua. Ukiiweka kwenye chungu kikubwa udongo unabaki na maji ambayo mizizi haiyafikii, na unarudi kwenye kuoza.

Mwanga mwingi, jua hapana. Dirisha la mashariki ndilo zuri, lile linalopata jua jepesi la asubuhi tu. Vikonyo vikirefuka na majani yakiinuka juu kana kwamba yanaomba, mwanga haumtoshi. Majani yakipauka na kujikunja kuelekea chini, umezidi. Kizungushe chungu robo duara kila juma ili duara lisilale upande mmoja. Joto analolipenda ni nyuzi 18 hadi 24, kwa hiyo Arusha, Lushoto, Iringa, Nairobi mna bahati kuliko sisi. Huku Tanga kuanzia Januari maua yanapungua, tunavumilia mpaka masika.

Kitu cha mwisho ni wadudu. Ukiona vipamba vyeupe kwenye maungio ya majani, hao ni vidung'ata. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti na uguse mmoja mmoja. Majani ya katikati yakikaza, yakawa madogo na magumu, hao ni utitiri, huwaoni kwa macho. Kitenge chungu hicho mbali na vingine siku hiyohiyo, mimi huwa nakitupa.

Sasa jani.

Chagua jani la duara la katikati, si lile la nje lililozeeka wala lile changa la kitovuni. Mama, kwenye chungu chako kinachooza chukua jani ambalo kikonyo chake bado ni kigumu na cheupe kikikatwa. Kata kikonyo kwa wembe safi, uache urefu wa pingili moja ya kidole, na mkato uwe wa mshazari. Kiache mezani kama nusu saa kikauke kidonda. Chomeka kwenye kikopo cha mtindi kilichotobolewa chini, mchanganyiko ni uleule ila mchanga uzidi, jani liinamie nyuma kidogo. Lowesha mara moja, funika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, weka penye mwanga bila jua. Halafu acha.

Wiki ya tatu au ya nne mizizi imetoka. Usilivute kuangalia! Mwezi wa pili au wa tatu utaona chini ya kikonyo vijani vidogo kama masikio ya panya vinachungulia. Kila kundi ni mche. Kuanzia hapo hadi ua la kwanza ni miezi sita au zaidi, kwa hiyo tangu kukata jani weka hesabu ya karibu mwaka mmoja.

Tahadhari moja: zile aina za dukani zenye ua la mistari kama gurudumu, katikati rangi moja na kingo rangi nyingine, hazirudii mistari yake kwa jani. Zile unazalisha kwa machipukizi ya pembeni. Nyingine nyingi jani linakupa mama yake vilevile.

Mpiga_Jembe_Bumbuli

Mkuu, nakusoma kwa heshima lakini naomba niseme la moyoni. Mnatuambia tusing'oe. Sawa. Ila ua hili Wazungu wamelichukua tangu enzi za Mjerumani, wamelitajirikia, na sisi tuliozaliwa nalo tunaambiwa tusiliguse. Huyo kijana wa ndoo ana watoto. Elfu mbili mara 14 ni elfu ishirini na nane, siku tatu za kibarua.

MtotoWaMuheza

Ndugu, una haki ya kuumia na mimi naumia pamoja nawe. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kilipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha, kikachagua aina 10, na kutoka hapo Marekani nzima ikalipenda. Leo aina zilizozalishwa ni maelfu: nyekundu, nyeupe, za petali mbilimbili. Mkataba wa dunia uliotamka kwamba nchi ina mamlaka juu ya mimea yake ya asili ulitiwa saini Rio mwaka 1992, miaka 100 kamili tangu mbegu ziondoke Tanga. Tulichelewa karne nzima.

Lakini tazama hesabu ya yule kijana. Ametembea tangu alfajiri, amebandua mwamba ambao ulichukua miaka mingi kujaa, na kesho hana kitu cha kubandua. Mimi nilianza na chungu kimoja nilichopewa na mama mmoja wa kanisani kwetu. Nikakata majani matano. Mwaka uliofuata nilikuwa na miche 19, nikauza 12, saba nikaiweka kuwa mama. Chungu kimoja kinachochanua nauza elfu tano, Pasaka na Krismasi hata elfu nane. Sikuingia msituni hata siku moja. Yule kijana anakuja kwangu kila Alhamisi sasa, nimempa majani sita na kona ya kivuli ya kuanzia. Ile miche yake, tisa iliyokuwa hai tumeipanda pamoja. Imebaki miwili.

Mpiga_Jembe_Bumbuli

Nimekuelewa. Nitakuja PM (ujumbe wa faragha) kuomba majani.

DukaLaMaua_Kariakoo

Upande wa matumizi niseme machache kwa uzoefu wa dukani. Wateja wangu wakubwa ni maofisi, kwa sababu ua hili linakubali mwanga wa taa na halichukui nafasi mezani. Wanafuata wanaopeleka zawadi kwa mzazi au mgonjwa: maua ya kukata yanakauka siku ya tano, chungu hiki kinakaa. Nimeona pia watu wanapanda aina ndogo ndani ya chupa kubwa ya kioo, inapendeza na inahifadhi unyevu, hapa Dar kwenye viyoyozi inasaidia sana. Na wenye paka msiogope, halina sumu kwa paka wala mbwa.

Ninachoomba wazalishaji wa Tanga na Lushoto mfanye ni kuandika kibao. Wengi huku tunauza mimea iliyotoka vitalu vya nje, na mteja akiuliza linatoka wapi, muuzaji anasema Ulaya. Andikeni "Urujuani wa Usambara, umeoteshwa Muheza". Nitaviuza mimi.

MwalimuMstaafu_Makorora

Na kiwe kwa Kiswahili, tafadhali.

MtotoWaMuheza

Mwalimu, umesikika. Nimeshaongea na mtu wa kuchapa vibao.

MamaWawili_Arusha (baada ya miezi mitatu)

Nimerudi! Cha zambarau kimepona, kina majani mapya saba hayana pete hata moja na vitumba vinne. Cheupe kilikufa chote, ila jani nililokata siku ile nilisoma uzi huu, leo asubuhi nimefunua mfuko nikaona vile masikio ya panya ulivyosema, makundi matatu, moja limejificha chini ya jani mama. Nimeita watoto wote waje waone. Nihamishe sasa?

MtotoWaMuheza

Hongera sana mama, umenifurahisha siku nzima. Bado usihamishe. Subiri majani yafikie ukubwa wa ukucha wa dole gumba, halafu siku hiyo tenganisha kila kundi na mizizi yake kwa ncha ya kijiko. Kwa sasa toboa mfuko matundu mawili matatu ili miche ianze kuzoea hewa ya nje, na lile jani mama liache hapohapo, bado linawalisha.